Oili ni Oili

Nimewahi kuziba tangi la petroli kwa kipande cha sabuni ya kufulia, nikafika nyumbani. Nimewahi kutoka Eldoret hadi Cheptiret na fenibelti iliyotengenezwa kwa tyubu ya baiskeli. Radieta ilipoanza kuvuja mwaka mmoja, tulimwaga humo binzari ya jikoni, ikaziba, na kwa wiki nzima pikapu ilinukia mchuzi. Kwa hiyo mtu asije akaniketisha chini kunieleza habari za magari. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na uso wa mtu anayenakili jibu kwenye daftari la jirani naujua hata akiwa mbali.

Pikapu yenyewe tuliinunua mimi na marehemu mume wangu kutoka kwa mkulima wa ngano aliyekuwa amechoka nayo. Haina redio. Kioo cha upande wa abiria hakishuki mpaka ukisaidie kwa kiganja, na mlango wa dereva haufungi mpaka uupige kiuno. Nilijifunzia humo udereva, kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, mume wangu akiwa amesimama mbali kabisa kwa usalama wake. Walimu wenzangu wanawake waliniambia nitaota ndevu. Mpaka leo ninangoja.

Nilipostaafu nilibaki na ng'ombe, shamba na pikapu. Mume wangu alikuwa ameshatangulia. Kila asubuhi nilipakia mitungi ya maziwa na kuipeleka Langas, mtaa wa pembeni mwa Eldoret, kwa akina mama wenye vibanda vya chai, na baadaye nikapitia mjini nikanunua chakula cha ng'ombe na kusikia nani kaoa na nani kalazwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yangu. Mtu akiniondoa kwenye usukani ule, hajaniondolea gari peke yake, ameniondolea asubuhi yote.

Sasa, nina kijana wangu. Ana kazi ya ofisi mjini Eldoret, ni mtu mzima mwenye watoto, na ana tabia ya kusema mambo kwa upole sana anapotaka kukushinda. Jumapili moja baada ya kanisa alikuja nyumbani na gari lisilo lake. Lilikuwa gari refu la familia, la rangi ya fedha, lililosafishwa mpaka kuku wakaliogopa.

"Mama, hii ni yako," akasema. "Gari ya kisasa. Hata ufunguo haiwekwi mahali, unabonyeza tu."

"Na ikikataa kubonyezwa?"

"Haikatai."

"Kila kitu hukataa siku moja. Hata wewe ulikataa uji."

Akacheka, lakini hakuondoka kwenye hoja yake. Alisema pikapu imemaliza siku zake, spea zake hazipatikani, na siku moja itaniacha katikati ya barabara kuu na malori ya Uganda yakinijia. Alisema kuna watu wa vyuma vikuukuu wako tayari kuichukua. Aliposema vyuma vikuukuu alikuwa ameegemea bodi yake kwa kiwiko.

"Pikapu hii ndiyo ilinipeleka hospitali nikuzae wewe," nikamwambia. "Toa kiwiko."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye alishikilia kwamba magari ya sasa yameundwa kwa akili zaidi. Mimi nikashikilia kwamba akili iliyojaa kwenye gari imepungua mahali pengine, na kwamba gari la sasa linatengenezwa limpendeze mnunuzi, wala si lidumu mpaka limzike. Mwishowe, kwa hasira zaidi kuliko hekima, nikampa shindano. Msimu mmoja wa mvua, kuanzia kupanda mpaka kupalilia. Wiki moja nitatumia pikapu, wiki inayofuata gari lake, njia ileile, maziwa yaleyale. La kwanza kushindwa kufika kwa nguvu zake lenyewe, ndilo linaloondoka. Likiondoka lake, asinifungulie tena habari ya kuuza pikapu. Ikiondoka pikapu, nitampa funguo mkononi na sitaendesha tena kwenda mjini, nitapelekwa na dereva atakayenitafutia.

Kisha akasema, "Sawa, Mama. Lakini wiki ya gari mpya, uiendeshe kweli. Usiifungie."

Nilidhani anaogopa nitadanganya. Nikaudhika, nikaahidi.

Sitasema uongo: kiti chake kilikuwa kizuri. Asubuhi za baridi kilipata joto chenyewe, na magoti yangu yalikifurahia. Lakini gari lile lilikuwa na mdomo. Ukisahau mkanda, linalia. Ukimkaribia ng'ombe, linalia. Ukirudi nyuma, picha ya kuku wako inatokea kwenye dashibodi. Pikipiki ikikupita ubavuni, linalia, na juu ya hapo taa ndogo ya manjano inawaka kwenye kioo cha pembeni. Nimenyamazisha madarasa ya watoto sitini kwa kutazama tu, na sasa nikemewe na gari? Ile taa niliibandika plasta ya kidonda. Kwa sauti sikupata dawa.

Mvua zikashuka. Njia ya kwetu ikawa ile inayokuwa kila mwaka, matope hadi kwenye ekseli. Pikapu ilikwama mara mbili ikajitoa. Gari jipya lilikwama mara moja, nalo likajitoa, nikakereka. Asubuhi moja pikapu haikutaka kuwaka, nikaiachilia kwenye mteremko, nikatia gia ya pili, ikakohoa na kuondoka. Jirani alinipigia kelele kwamba huko ni kuharibika. Nikamjibu kwamba mtu akiamshwa kwa kutikiswa haina maana amekufa.

Katikati ya msimu gari jipya likaandika kwenye dashibodi kwamba linataka sevisi. Kijana wangu alikuwa ameniachia maagizo: nilipeleke mahali fulani mjini penye kompyuta, nisiguse kitu. Mimi nikalipeleka kwa fundi wangu.

Fundi wangu ana kibanda cha mabati upande wa Langas. Ametunza pikapu tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Na kabla ya kuwa fundi wangu alikuwa mwanafunzi wangu, darasa la nne mpaka la saba. Hilo mlijue kabla sijaendelea, kwa sababu kwetu mtu aliyekufundisha kusoma hapingwi. Mwanafunzi anaweza kuwa chifu, anaweza kuwa na mvi na wajukuu, lakini akikutana na mwalimu wake atavua kofia na kusema ndiyo.

Alipanga makopo, akabadilisha oili ya injini. Alipofika kwenye giaboksi akasita. Aliinama chini ya gari, akatoka, akajifuta mikono muda mrefu.

"Mwalimu, giaboksi ya hizi gari mpya si kama zile zingine. Inataka oili yake yenyewe. Mimi sina. Labda upeleke huko mjini."

Ilinipasa kumsikiliza. Alikuwa amesema vizuri, kwa adabu, na alijua asemalo. Lakini mimi nilichosikia ni "labda upeleke huko mjini," mahali pa kompyuta, mahali ambapo kijana wangu alisema. Nikaona kwamba hata fundi wangu sasa anaamini gari linaweza kuwa na akili kuliko sisi.

"Miaka yote hii umekuwa ukimimina nini kwenye pikapu?" nikamuuliza.

"Hii tu, Mwalimu."

"Imekufa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Oili ni oili. Mimina."

Akamimina.

Gari lilienda siku nne. Siku ya tano, narudi nyumbani na mitungi mitupu, likaanza kulia mlio mwingine, mwembamba, wa chini ya miguu. Likawa linashtuka. Nilipofika kwenye kilima kabla ya Cheptiret, injini ilinguruma na gari halikwenda. Nilikanyaga mafuta, likanguruma zaidi, halikwenda hata hatua. Kisha likaanza kurudi nyuma taratibu, nami nikaliegesha kando ya barabara, dashibodi nzima ikiwaka taa.

Unajua nilichofanya? Nilicheka. Nilicheka peke yangu kwenye kiti kile chenye joto. Nikampigia jirani simu alete pikapu na kamba, na pikapu ikalivuta gari jipya kupita madukani Cheptiret, saa nane mchana, watu wote wakiwa nje. Wauza viazi walishangilia. Mzee mmoja anayekaa mlangoni kwa kinyozi alisimama akavua kofia, na mimi, nikiwa nimeshika usukani wa gari lililokufa, nikampungia mkono. Kwa wiki moja nilikuwa mtu maarufu. Kila niliposimama, mtu aliniomba nisimulie tena, nami nilisimulia, na kila mara kilima kiliongezeka urefu.

Kijana wangu alilichukua gari kwa lori la kuvuta akalipeleka mjini. Hakulalamika. Hilo ndilo lililonikosesha raha kidogo, lakini raha niliyokuwa nayo ilikuwa nyingi, nikaona si neno.

Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani akiwa na uso wa kazi. Aliketi, hakugusa chai.

"Mama, wamefungua giaboksi. Imeisha. Iliwekwa oili mbaya. Ni yule fundi wako. Nataka kwenda Langas nimwambie vile ameniharibia, na nitawaambia watu wote wa ofisi wasipeleke gari kwake tena. Mtu hajui kazi, anaua gari ya watu."

Hapo furaha ikanitoka mwilini. Fundi wangu anaishi kwa jina lake, hana kingine. Nusu ya magari anayotengeneza ni ya hao watu wa ofisi. Na nilijua, kama nijuavyo jina langu, kwamba kijana wangu akienda pale na kupiga kelele, fundi atasimama na kofia mkononi asiseme ni nani aliyemwagiza. Angekubali kuitwa mjinga kuliko kusema Mwalimu alikosea.

"Keti," nikasema, ingawa alikuwa ameketi. "Alikataa. Aliniambia ina oili yake. Mimi ndiye niliyemwambia amimine."

"Wewe, Mama?"

"Na aliniambia nilipeleke mjini," nikaongeza, kwa sababu nikikubali kosa hulikubali lote. "Nikamwambia oili ni oili."

Nikaondoka, nikaenda kuchukua funguo za pikapu msumarini, nikaziweka mezani mbele yake. Gari lake halikushindwa, liliuawa, na aliyeliua ni mimi. Shindano ni shindano.

Kabla ya ungamo hilo nisingekubali, lakini tangu hapo nimelifikiri sana jambo hili la kudumu. Si kweli kwamba pikapu yangu haiharibiki. Imeharibika mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ilichofanya ni kutusamehe. Tuliitia oili isiyo yake, maji ya mtoni, waya badala ya bolti, nayo ikaenda hivyohivyo, ikingoja siku tutakayojua zaidi. Gari la sasa halisamehe hata mara moja. Na bado nasema, hata mbele ya hao watu wa kompyuta: kitu kisichoweza kumvumilia mtu anayekosea hakistahili kuitwa imara. Labda ni bora. Labda ni salama. Imara, hapana.

Kijana wangu alizisukuma funguo zikarudi upande wangu.

"Kaa na funguo zako, Mama. Mimi sikuwa na shida na pikapu."

"Huna shida nayo? Si uliita watu wa vyuma vikuukuu?"

"Nilisema tu."

"Kama si pikapu, ni nini?"

Akainama, akaanza kunywa ile chai aliyokuwa ameiacha. Nikaona hapa kuna jambo, lakini kwanza nilikuwa na deni la heshima Langas. Nikamwambia ainuke, tunaenda kumwomba fundi msamaha, mimi kwa kumlazimisha na yeye kwa kumsema. Nitaendesha mimi. Hakubisha. Aliingia upande wa abiria, akafunga mlango, na njia nzima alikuwa anatazama barabara kwa macho ya mtu anayevuka mto.

Niliendesha vizuri. Nasema hivyo bila haya, niliendesha vizuri kuanzia kwetu mpaka karibu na mji. Tulipofika mahali pa kuacha barabara kubwa, nikawasha taa ya kukata kushoto, nikatazama kioo, nikakata.

"Mama! Kushoto!"

Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pikapu ikasimama, ikazima. Bodaboda ilipita mbele ya boneti, karibu sana, ikayumba, ikasimama kwenye majani. Nyuma ya dereva alikuwepo mama amefunga mtoto mgongoni. Dereva alishuka akanijia akiwa amevimba kwa matusi, akafika dirishani, akaona nywele zangu nyeupe, akayameza.

"Mama, unataka kutumaliza?" akasema tu.

Nikamwomba radhi. Nikamwomba na yule mama, ambaye hakunijibu, alikuwa anamshika mtoto miguu kuhakikisha yote miwili ipo. Wakaondoka.

"Sikumwona," nikamwambia kijana wangu.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua huoni upande wa kushoto." Alikuwa anaongea akitazama mbele. "Krismasi nilikupatia kikombe kwa huo upande. Ulinyoosha mkono mara mbili ukikosa. Tena mlango wa jikoni unagonga bega kila siku, unasema mlango ni mbaya."

"Na hukusema."

"Ningesema, ungekubali?"

Ningemfukuza nyumbani, na yeye alijua.

"Ndiyo nikakuletea ile gari," akasema. "Inalia kitu ikikuja kwa upande. Mambo ya kudumu ilikuwa ni kuongea tu. Nilitafuta yenye inalia."

Nilikumbuka plasta niliyoibandika juu ya ile taa, kwenye kioo cha kushoto, na nikaona aibu mpaka masikioni. Kijana wangu alikuwa ameninunulia jicho, nami nikaliziba, kisha nikaliua, kisha nikalivuta kwa kamba mbele ya watu nikipunga mkono. Halafu nikakasirika, maana hasira naijua zaidi kuliko aibu. Nikamwambia mimi si mtoto wa nasari wa kudanganywa kwa peremende. Siku nyingine akiona mama yake haoni, amwambie haoni, hata nikimtupia sahani. Nikamwambia pia kwamba ningeweza kumuua mtoto wa watu, na kwamba upole wake ungekuwa na sehemu yake. Alipokea yote. Macho yake yalikuwa mekundu na yangu pia.

Kisha nikafungua mlango, nikashuka. Nikazunguka mbele ya pikapu, nikagonga dirisha lake.

"Sogea kule. Endesha wewe."

"Mama, mimi sijawahi endesha ya gia."

"Hujawahi?"

"Nilijifunza na ya oto, haina klachi."

Mtu mzima, mwenye watoto, na mwenye maneno mengi kuhusu magari. Aliwasha, pikapu ikaruka ikazima. Akawasha tena, ikaruka ikazima. Nyuma yetu palikuwa na foleni sasa, na lori la mahindi lilikuwa limeanza kupiga honi.

"Tukitoka kwa fundi, unipeleke kwa daktari wa macho," nikamwambia. "Nitakaa kimya, atakachosema nitafanya. Sitamfundisha kazi yake. Na nikipona, usukani huu ni wangu."

Alikuwa ameushika kwa mikono miwili. "Na usipopona, Mama?"

Lori lilipiga honi tena, ndefu. Nilishusha kioo kwa kiganja, nikatoa mkono nje kumwambia dereva wake atulie, hapa kuna mtu anajifunza.

"Basi jifunze klachi vizuri," nikasema. "Kanyaga mpaka chini."